Sita au Tisa

Shule ya binti yangu imetuma orodha ya vitu vya somo la kuogelea: nguo ya kuogelea, taulo, kofia, kufuli dogo.

"Kufuli la nini, baba?"

La kabati la nguo, nikamwambia. "Kwani wataniibia?" Mama yake akaangua kicheko kabla sijajibu. Kisa cha ufuo wa Pirates anakijua yeye, na upande wa kwetu hakuna asiyekijua.

Ilikuwa Idd mosi. Jina la serikali la ufuo ule ni Jomo Kenyatta, lakini sijamsikia mtu wa Mombasa akimwambia makanga ashushwe Jomo Kenyatta. Siku ya Idd pale hapapitiki: matairi ya kuelea ya kukodi, wapiga picha, viazi karai, ngamia na watoto wanaolilia kushuka. Tulitoka Likoni kundi zima, tukaweka nguo kwenye kibanda cha mabati. Mama mwenye kibanda alikuwa na utaratibu wake: kila mzigo kipande cha boksi chenye namba, na wewe unapewa mwenzake. Mizigo yenyewe ilikuwa majuala meusi ya plastiki tu, kwani Kenya ilikuwa bado haijayapiga marufuku, hilo lilikuja 2017. Ukiyaona yamepangwa, hulijui lako.

Tukaoga mpaka vidole vikanyauka. Nikarudi, nikampa kipande changu, akaniletea juala. Nikaingia ndani, nikafungua.

Suruali ya kaki. Yangu ilikuwa nyeusi, ya Idd, fundi kaimaliza usiku wa kuamkia. Nikaipima kiunoni: tungeingia mimi na mwenzangu. Mfukoni kitana, peremende iliyoyeyuka, na risiti ya sementi mifuko mitatu, isiyo na jina la mtu wala la duka. Nikatoka na kaptura inayochuruzika.

"Mama, hii si yangu."

"Namba yako 6, mwanangu. Hiyo ndiyo 6."

"Yangu 9, mama."

Akanyamaza. Tukakiweka kile kipande juu ya meza, tukakiinamia sote wawili, yeye upande ule, mimi upande huu. Kwangu 9. Kwake 6. Akakizungusha kwa kidole kimoja, polepole. Ikawa 9 kwake, 6 kwangu. Akakirudisha kilipokuwa. Akakizungusha tena, utadhani safari hii itatokea namba nyingine kabisa. Nyuma yangu foleni ikaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama ni hesabu za darasa la kwanza. Maji yananidondoka, yanafanya kidimbwi miguuni.

"Basi yule wa mwanzo," akasema, bila kuinua macho, "nilimpa yako."

Ndani ya yangu mlikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe, kitambulisho, na pesa za Idd za wajomba wote. Rafiki akaipiga simu: ikaita mara moja, ya pili ikazimwa. Mengine ni yale yale: polisi, abstrakti ya vitu vilivyopotea, ofisi, njoo wiki ijayo. Wenzangu pesa walizimaliza kwenye matairi, kwa hiyo tukatembea. Daraja la Nyali nililivuka mkono wa kushoto umeshika kiuno cha suruali ya mtu, wa kulia unapeana Idd mubarak. Afadhali feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu.

Mtu yule nimemhukumu na kumwachilia sijui mara ngapi. Kuna siku namtetea: naye alipewa juala jeusi kama mimi, akaenda nalo bila kulifungua, akafika kwake akakuta suruali isiyompanda magotini. Labda alikasirika kunishinda. Halafu naikumbuka simu. Kabambe hukaa na chaji siku na siku, haizimiki yenyewe kwa mlio wa pili. Au aliogopa? Mtu akiona namba asiyoijua kwenye simu isiyo yake, hata asiye mwizi anaweza kuogopa.

Mama yangu hakuwa na maswali hayo. Aliifua ile suruali, akaipiga pasi mpaka ikawa na mstari, na Jumamosi iliyofuata akanishika mkono tukavuka nayo. "Mali ya mtu hii," akamwambia mwenye kibanda. "Akija, mpe." Mwenye kibanda akaipokea kwa mikono miwili, akaitundika msumarini, akatuomba radhi kwa kirefu, akataja hadi watoto wake.

Kisha mama akaomba aingie ndani aoshe mchanga miguuni, akatozwa shilingi kumi.