Nota mbili za mwanzo zilivyonifundisha kuwatofautisha wapiga piano

Napiga kinanda kwaya yetu ya kanisani, na kwa miaka kadhaa nilisikiliza nokturni za mtunzi Chopin, vipande vyake vifupi vya piano vyenye utulivu wa usiku, nikiamini kwamba wapigaji wote ni walewale. Nota zimeshaandikwa, nikawaza, tofauti itoke wapi? Nikisoma watu wakibishana kama Rubinstein anamzidi Arrau, nilijiona nimeachwa nje ya mlango, na iliniuma, kwa sababu muziki wenyewe naupenda sana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusikiliza albamu nzima. Nokturni za Chopin ni 21. Ukimaliza zote za mpigaji wa pili, za yule wa kwanza zimeshayeyuka kichwani. Nikaamua kubaki na moja tu, Opus 9 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ile ya E flati ambayo hata asiyemjua Chopin amewahi kuisikia mahali. Ni fupi, inaingia upande mmoja wa santuri ya zamani, kwa hiyo hata wakongwe waliirekodi: Rachmaninoff mwaka 1927, Cortot mwaka 1929. Rubinstein alizirekodi nokturni mara tatu maishani, kuanzia London miaka ya 1930 hadi Roma miaka ya 1960. Arrau alirekodi Amsterdam mwishoni mwa miaka ya 1970, na Maria João Pires katikati ya miaka ya 1990.

Kosa la pili sikuligundua mimi. Mdogo wangu alinikuta nikiandika kwenye daftari kwamba rekodi mpya "zina hisia zaidi", akaniuliza, "Dada, una hakika si kwamba zina sauti kubwa zaidi?" Alikuwa sahihi. Sikio hupenda kilicho na nguvu. Tangu siku hiyo nasawazisha sauti kwanza, na yeye ndiye anayechagua rekodi bila kunitajia jina. Kutojua ni nani anayepiga kulinisaidia kuliko makala zote nilizosoma, maana jina kubwa nalo hupendeza sikio.

Kisha nikabanana na nota mbili. Wimbo unaanza na B flati peke yake, halafu unaruka juu hadi G, na hapohapo mkono wa kushoto unaingia na besi yake. Basi. Nilisikiliza mruko huo jioni nzima, mpigaji baada ya mpigaji, na ndipo mlango ukafunguka. Rubinstein wa Roma anapanda kama mwimbaji aliyevuta pumzi ya kutosha, hana haraka wala hajivuni. Arrau anaipa kila nota uzito, kana kwamba G ni mahali pa kufikiwa kwa kazi. Cortot ananipendeza kwa namna ya pekee: kuna mahali mikono yake haitui pamoja, besi inatangulia na wimbo unafuata nyuma kidogo. Mwanzoni nilidhani ni uzembe. Baadaye nikakumbuka waimbaji wetu wa taarabu, wanavyolichelewesha neno huku ngoma ikiendelea na njia yake. Hakuna anayesema wamekosea.

Jambo hilo ndilo linaloitwa rubato, yaani muda ulioibwa. Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliutaka mkono wa kushoto uwe kama kiongozi wa bendi, ushike mdundo, wakati wa kulia unajiachia. Kwa hiyo nikabadili namna ya kusikiliza: mara ya kwanza nafuata kushoto tu, ile besi moja na akordi mbili (akordi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), besi moja na akordi mbili. Nikishajua mdundo unakaa wapi, narudi kusikiliza wimbo unaukimbia au unausubiri.

Jingine la kufuatilia ni marudio. Wimbo mkuu unakuja mara nne, kila safari ukiwa na mapambo zaidi. Hapo rekodi ya Raoul Koczalski ya mwaka 1938 ilinishangaza, kwani anapiga mapambo ambayo hayamo kwenye kitabu changu. Kumbe Chopin alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake mapambo mengine kwa penseli, na Koczalski alifundishwa na Mikuli, mwanafunzi wa Chopin mwenyewe. Niliisikiliza mara tatu usiku ule, nimesimama.

Sasa mdogo wangu akicheza rekodi sita, wanne huwa nawatambua kabla ya marudio ya pili. Wiki hii tumehamia Opus 27 namba 2, tukianza na rekodi ya Lipatti ya mwaka 1947. Humo mkono wa kushoto unatangulia peke yake, kipimo kizima cha mdundo, kabla wimbo haujaingia.