Goti la Chui: kumbukumbu ya mazoezi, Novemba hadi Aprili

Novemba

Paja la kulia sentimita 39, la kushoto 35. Nimepima kwa futi ya fundi cherehani, mbwa akiwa amesimama, na nimepunguza manyoya kidogo ili kila nikipima nirudi palepale.

Chui ni mchanganyiko wa mbwa wa kienyeji na Alsatian, kilo 31, mlinzi wa geti letu hapa Mombasa. Ligamenti, ile kano inayofunga mfupa kwa mfupa, ya goti lake la nyuma la kushoto ilikatika, akafanyiwa upasuaji mwezi uliopita. Daktari wa mifugo alipitisha uzi mnene wa nailoni nje ya goti; uzi huo unashikilia mifupa mpaka tishu ya kovu ijijenge na kuipokea kazi hiyo. Mimi nimeachiwa kurudisha msuli bila kuukata uzi.

Kwa hiyo hatukimbii. Mbwa akiachwa akimbie atarukia miguu mitatu, na ule unaohitaji kazi utabaki unaning'inia. Kwenye kamba fupi, mwendo wa bibi harusi, hana budi kuukanyaga kila hatua. Tunazunguka kiwanja, basi.

Jioni namsimamisha kwenye mkeka, naweka kiganja nyongani, namsukuma taratibu kuelekea upande mbovu, nahesabu kidogo, naachia. Hata mbwa mzima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na anayeumwa nyuma huongeza zaidi mbele. Zoezi hili linamkumbusha kwamba ana miguu minne. Malipo ni dagaa mmoja mmoja, ambao nawatoa kwenye chakula chake cha usiku, maana goti bovu halitaki kilo za ziada.

Desemba

Kaa, simama. Ni zoezi dogo ambalo mtu anaweza kulidharau, lakini ndilo linalojenga paja na makalio kuliko yote niliyofanya. Shida ni kwamba mbwa mwenye goti bovu hakai sawa: anautupa mguu pembeni na kukalia nyonga moja. Dawa yake ni ukuta. Namweka upande wake wa kushoto ukigusa ukuta wa baraza, mguu unakosa pa kukimbilia, anakaa ukiwa umekunjwa chini yake. Akiinuka lazima asukume kwa yote miwili. Yakianza kutetemeka mapaja, tunaacha.

Kisha vizuizi. Nimekata mabomba ya plastiki ya maji, nikayalaza juu ya vipande vya matofali, chini ya kimo cha kifundo chake cha nyuma. Kati ya bomba na bomba ni sawa na urefu wake kutoka ardhini hadi mabegani. Haruki, anatembea juu yake, na kila bomba linamlazimu alikunje goti zaidi ya anavyolikunja akitembea kwenye sakafu. Siku za mwanzo alikuwa akigonga kila bomba la pili.

Kuchechemea kumekwisha. Mama jirani aliniambia, "Huyu keshapona, mwachilie." Nikachukua futi: 36 na nusu. Mwendo hurudi mapema sana kuliko nyama, na ni katika kipindi hiki mbwa wengi hufunguliwa wakaenda kuumia tena, au kulikata goti la pili lililokuwa likibeba zamu ya mwenzake.

Bado Desemba, kwa mzee wa farasi

Kuna mzee aliyekuwa saisi, mtunza farasi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, sasa anatunza farasi wa kupandisha watalii ufukweni. Ana jike mmoja mgongo umelegea. Kila asubuhi kabla ya tandiko anampeleka karoti: kidevu kifuani, kidevu katikati ya magoti ya mbele, kisha shingo inageuka hadi ubavuni, hadi nyongani, kulia na kushoto. Nilijaribu kumsaidia, nikashika hatamu. "Usimvute, mwanangu. Karoti ndiyo imvute."

Si mila za zizini tu. Mwaka 2011 Narelle Stubbs, Hilary Clayton na wenzao walichapisha matokeo ya farasi 8 waliofanya mazoezi ya aina hii siku 5 kwa wiki kwa miezi 3. Multifidasi, msuli wa kina unaoshikilia pingili za uti wa mgongo, ulikuwa umenenepa, bila mpandaji wala mbio.

Chui sasa anafanya yaleyale kwa dagaa, pua hadi nyongani. Mbwa aliyechechemea miezi kadhaa mgongo wake umefanya kazi isiyo yake, na yeye upande wa kushoto alikuwa mgumu kama ubao. Amelainika.

Januari na Februari: baharini

Daktari ametoa ruhusa. Kliniki kubwa za nje zina mashine ya kutembelea ndani ya tangi la maji. Sisi tuna bahari ndani ya miamba, na kaskazi imeituliza.

Kimo cha maji ndicho kipimo cha dawa. Vipimo vilivyofanywa kwa mbwa vinaonyesha kwamba maji yakifika magotini, miguu bado inabeba takriban asilimia 85 ya uzito. Yakifika nyongani, asilimia 38. Kwa Chui hiyo ni kutoka kilo 26 hadi 12 hivi. Nilianza naye nyongani, kisha nikamsogeza nchi kavu kidogo kidogo. Kuogelea nimekuacha: mbwa wengi wakiogelea hutumia zaidi miguu ya mbele.

Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kila siku hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Basi ratiba yetu anaipanga mwezi, na bosi wangu kazini ameshachoka kuniuliza kwa nini leo nimewahi na kesho nachelewa. Napenda maji yanayoanza kupwa, mchanga mgumu, mbali na majani yenye urumba, wale wanyama wa miba. Maji ya kunywa tunabeba, maana akinywa ya chumvi ataharisha usiku kucha. Nyumbani namsuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kumkausha vidole.

Mwisho wa Februari: 37 na nusu.

Aprili

Kulia 39, kushoto 38 na kidogo. Uzito kilo 29. Mabomba hayagongi tena, hata nikiyainua.

Kusi imeanza, mawimbi yamechafuka na mwani umejaa ufukweni, kwa hiyo bahari tumeifunga. Badala yake ni kurudi kinyumenyume kwenye korido, kazi nzuri kwa misuli ya nyuma ya paja, na kupanda mteremko wa barabara ya nyuma, bado kwa kamba fupi. Daktari anataka kumwona mwezi ujao kabla hajaruhusiwa kumkimbiza paka wa geti la pili.