Jinsi Nilivyoiunganisha Printa Yangu Bila Kumlipa Fundi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Kisumu, na kwa miaka mingi mitihani yangu nimekuwa nikiichapa katika saiba karibu na Kondele. Muhula uliopita nilirudi huko kuchukua kitabu nilichokuwa nimekisahau, nikamkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameketi mbele ya kompyuta ileile niliyoitumia siku iliyotangulia, na faili ya mtihani wao ilikuwa ingali pale kwenye skrini, na jina lake kamili, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuifuta. Sikumuuliza kama alikuwa ameifungua. Usiku huo nilitunga mtihani mwingine tangu swali la kwanza hadi la mwisho, na kabla sijalala nilikuwa nimekata shauri kununua printa ya nyumbani.

Nilinunua ile ya matangi ya wino, ambayo mtu huijaza kwa chupa, kwa shilingi elfu ishirini na kitu, pamoja na rimu mbili za karatasi. Kuijaza wino si jambo la kumtisha mtu. Ninachosisitiza ni kwamba baada ya kumimina chupa zote nne, mashine huhitaji kama dakika kumi za kuuvuta wino hadi kwenye kichwa chake, na katika muda huo haifai kuzimwa. Kwa kuwa jioni nyingi mvua ya radi huja na kuondoka na stima, kazi hiyo niliifanya saa mbili asubuhi.

Kilichonitesa kwa jioni tatu mfululizo ni waifai. Niliweka programu yake kwenye simu, nikaichagua printa, nikaandika nywila, na kila mara taa mbili za mbele zilimetameta kwa muda mrefu kisha ya rangi ya machungwa ikabaki inawaka. Nilirudia hatua hizo nisijue ni mara ngapi. Nilibadilisha nywila nikidhani alama ya mshangao iliyokuwa ndani yake ndiyo inayoikwaza. Niliihamisha printa kutoka chumba cha kulala hadi sebuleni, nikaiweka hatua mbili tu kutoka kwa ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, na bado ilikataa.

Ushauri haukukosekana. Mhudumu wa duka nililoinunulia aliniambia kwa simu, "Mzee, tumia kebo tu, hizi za waifai husumbua watu," wakati waifai ndiyo niliyoilipia zaidi. Mwenzangu wa ofisini, baada ya kuitazama picha yake, alisema bila kusita, "Mwalimu, umeuziwa feki." Fundi mmoja wa kompyuta alitaka elfu moja mia tano ili aje kuiweka Windows upya kwenye kipakatalishi changu, ilhali kipakatalishi hicho kilikuwa bado hakijahusishwa katika jambo hili kwa namna yoyote. Hadi leo nikikumbuka maneno ya fundi huyo nakasirika, kwa maana nilikuwa nimeshaanza kunakili faili zangu kwenye flashi ili aje siku iliyofuata, na mtu mwenye kazi ya miaka kumi ndani ya mashine yake hapaswi kuambiwa aifute kwa kubahatisha.

Jioni ya tatu niliacha kubonyeza na kuanza kusoma. Printa hizi zina desturi nzuri ambayo wauzaji hawaitaji: zikishindwa kuunganishwa, mtu anaweza kuziamuru zichapishe ripoti ya mtandao. Niliichapisha, nikaishika chini ya taa, na katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba jina la mtandao halikupatikana. Haikusema kwamba nywila ilikuwa na kosa. Haikusema kwamba mtandao umeikataa. Ilisema kwamba imetafuta jina nililoipa na haikuliona popote, ingawa ruta ilikuwa inamulika hapo kando yake na simu yangu ililiona jina hilohilo kwa nguvu zote.

Basi nikataka kujua kama printa ilikuwa inaona chochote. Niliwasha hotspoti kwenye simu ya mke wangu, nikaipa jina fupi la herufi nne, nikaielekeza printa kwenye jina hilo. Haikufika dakika moja, taa ya buluu ikatulia. Niliiuliza ripoti ya pili, nayo ikathibitisha kwamba imeunganishwa. Nakiri kwamba furaha niliyoipata kwa karatasi hiyo moja ilikuwa kubwa, kwa sababu iliwajibu wote watatu kwa mpigo: waifai ya printa ilifanya kazi, mashine haikuwa feki, na Windows haikuhusika. Yeyote anayepata shida kama yangu ningemsihi afanye jaribio hili kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, kwa sababu halina gharama na linampa jibu papo hapo.

Lililosalia lilikuwa kujua ni kwa nini iliiona simu isiione ruta. Nililitoa boksi la printa chini ya kitanda na kulisoma upande wake mwembamba, ambapo vipimo huandikwa kwa maandishi madogo, nikakuta kwamba waifai yake ni ya gigahezi 2.4 pekee. Hapo nikamkumbuka kijana aliyekuja kutuwekea intaneti nyumbani. Ruta za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 ambayo huenda mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na ya gigahezi 5 ambayo ni ya kasi lakini hufifia upesi. Kijana huyo alituambia kwamba ya kwanza ni ya kizamani, akaizima, akatuachia ya pili peke yake. Simu zetu zilisikia zote mbili, kwa hiyo hatukuhisi upungufu wowote. Printa ilikuwa inatafuta mawimbi ya 2.4, ambayo hotspoti ya simu iliyatoa lakini ruta yetu haikuyatoa.

Niliingia kwenye mipangilio ya ruta kwa anwani iliyobandikwa chini yake, nikayawasha mawimbi ya 2.4 na kuyapa jina tofauti ili tusiyachanganye. Printa iliunganishwa kwa jaribio la kwanza. Nilikuwa na hofu kwamba kipakatalishi changu, kilichobaki kwenye gigahezi 5, hakingeiona, lakini kiliiona mara moja, kwa sababu yote mawili ni milango ya nyumba moja na anayeingia kwa mlango huu humkuta aliyeingia kwa ule. Jambo la karatasi nalo lilinishangaza kidogo: kompyuta ilikuwa imepangwa kwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18, na maswali yangu yalikuwa yakihama kurasa hadi nilipoibadilisha. Rimu iliyofunguliwa naiweka ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kwani unyevu wa huku huzikunja karatasi na kuzifanya zikwame.

Siku nne baadaye stima ilipotea, na iliporudi kompyuta iliandika kwamba printa haipo mtandaoni. Safari hii sikuhangaika. Ruta ilipowaka upya ilikuwa imeipa printa anwani nyingine ya mtandao, yaani namba ambayo kompyuta huitumia kuipata, huku kompyuta ikiendelea kuitafuta katika anwani ya zamani. Nilirudi kwenye mipangilio ya ruta, nikaitengea printa anwani yake ya kudumu, nikaifuta printa kwenye kompyuta na kuiongeza upya. Tangu hapo stima imepotea mara kadhaa, na kila inaporudi printa hujitokeza yenyewe.

Mtihani wa katikati ya muhula huu niliumaliza kuutunga siku ya Jumapili. Nilichapa nakala mama saa nne usiku, kurasa sita, nikazisoma zote nikiwa nimesimama hapo kando ya mashine, nikazitia ndani ya bahasha na kuifungia kabatini.