Ninavyochora birika kuukuu kwa rangi za maji

Mchoro wa chombo kuukuu hutulia pale kila alama inapokuwa na sababu yake. Ndiyo maana kabla ya kushika brashi najiuliza: hapa paligongwa, paliungua au palisuguliwa?

Ninachokipenda zaidi ni birika jeupe la enameli, lile la vibanda vya chai vya Nairobi. Enameli ni kioo kilichoyeyushiwa juu ya chuma. Ikigongwa hubanduka, na ukichungulia kwa karibu utaona pete nyeusi: ni tabaka la kwanza la enameli, lililo chini ya weupe. Katikati ya pete chuma kiko wazi, na kutu huanzia hapo. Kutu iliyotapakazwa ovyo huonekana ya uongo. Sufuria ya alumini ndiyo kabisa, haishiki kutu. Huchakaa kwa mikwaruzo, masizi na mabonyeo. Bonyeo nalo lina kanuni: upande wake ulio mbali na dirisha ndio unaopata mwanga. Watazame mafundi wa Kamukunji, Nairobi, wakifua bati, utaona bonyeo likizaliwa.

Natumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyepesi hujikunja ikilowa. Nachora kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Adhuhuri jua letu liko utosini, kivuli kinajificha chini ya chombo. Weupe siupaki, nauachia karatasi. Kivuli nachanganya buluu ya ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu. Kijivu chake kina uhai ambao nyeusi ya tyubu haina.

Kwenye kutu naweka doa la siena, nasubiri mng'ao wa maji ufifie, kisha nagusa ultramarini kidogo katikati. Ukiwahi, rangi hutawanyika yote. Ukichelewa na brashi ina maji mengi, huacha kingo za mawimbi. Doa likikauka, nalizungushia pete nyeusi, nyembamba, isiyo sawa unene. Mchirizi wa kahawia nauvuta chini kwa brashi nyevu.

Giorgio Morandi (1890–1964) wa Bologna, Italia, alichora chupa na mitungi ileile miaka nenda miaka rudi, vumbi likiwa juu yake. Kwake nimechukua kupunguza: alama chache, zilizotazamwa vizuri.

Mikwaruzo naiweka mwisho kwa penseli ngumu, ikifuata mviringo wa birika. Ikinyooka, birika huonekana bapa.