Kisigino kinauma: nitembee au nipumzike?

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kuwatembeza wateja wanaofuata mzigo, kwa hiyo nashinda kwa miguu. Kisigino cha kulia kilipoanza kuuma, hasa hatua za kwanza asubuhi, nilitegemea kuambiwa nijilaze. Daktari wa tiba ya Kichina hakusema hivyo. Kwao maumivu ni dalili kwamba chi, yaani nguvu ya uhai mwilini, na damu vimekwama. Vikipita vizuri, hapaumi. Ila wana onyo la kale: kutembea mno huumiza kano, kusimama mno huumiza mifupa. Yaani mwendo uwepo, kwa kiasi. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Alinibonyeza unyayoni, kwenye kibonde kinachojitokeza ukikunja vidole. Panaitwa Yongquan, mwanzo wa mkondo wa figo, yaani njia ya chi wanayoihusisha na figo. Niliruka! Siku hizi usiku naloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, kisha nasugua hapo kwa dole gumba. Asubuhi najiunga na wazee bustanini kufanya baduanjin, mazoezi manane ya kale ya Kichina ya taratibu. Zoezi la nane ni kuinua visigino na kuvishusha mara 7. Wao huviangusha kwa kishindo kidogo, mimi navishusha taratibu. Nafuu naiona. Wenye kisukari, tafadhali, pimeni kwanza maji kwa kiwiko. Mguu uliokufa ganzi huungua bila kuhisi.