Tafakari ya Wiki: Dhoruba Ikija, Kinatoswa Nini Kwanza?

Somo: Matendo ya Mitume 27, Yona 1, Ufunuo 18:9-19

Shalom, wapendwa katika Bwana.

Naomba kila mmoja aisome Matendo 27 yote kabla ya kuendelea hapa, maana ni sura tuliyozoea kuichota juu juu. Tunamkumbuka malaika aliyesimama karibu na Paulo usiku, tunakumbuka mkate uliomegwa kabla ya mapambazuko, basi. Merikebu yenyewe na shehena yake tunaipita. Wiki hii nimeng'ang'ania shehena.

Luka anasema ilikuwa merikebu ya Iskanderia, mji wa bandari wa Misri, iliyokuwa ikienda Italia, na akida Yulio aliikuta bandari ya Mira. Msikilizaji wa karne ya kwanza hakuhitaji maelezo zaidi: hiyo ni merikebu ya ngano. Tangu Misri ilipoangukia mikononi mwa Roma mwaka 30 KK, nafaka ya bonde la Nile ilivushwa bahari mwaka baada ya mwaka kwenda kulisha jiji ambalo mashamba ya jirani yalikuwa yameshindwa kulilisha. Siku za Kaisari Augusto, raia wapatao 200,000 walikuwa wakipokea mgao wa ngano bure. Dola ile iliyotisha mataifa ilining'inia kwenye matanga. Suetonio, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba wakati wa uhaba umati ulimzingira Kaisari Klaudio hadharani, ukamporomoshea matusi na vipande vya mkate, akaponea mlango wa nyuma wa ikulu. Baada ya hapo aliwaahidi wafanyabiashara kwamba hasara ya dhoruba itakuwa juu yake, ili merikebu za nafaka zisafiri hata majira ya baridi. Ndiye huyo Klaudio tunayemkuta katika Matendo 11 na 18.

Ukijua hayo, mstari wa 9 hadi wa 12 unasomeka tofauti. Merikebu iko Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Siku ya kufunga imekwisha pita, bahari inaanza kuchafuka. Paulo anaonya. Huyu si mgeni wa mambo hayo, kwani alikuwa amekwisha vunjikiwa jahazi mara tatu kabla ya safari hii (2 Wakorintho 11:25). Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa. Wahubiri wengi huwafanya watu hao kuwa wakaidi tu. Mimi naona walikuwa wakipiga hesabu, na kwa vitabu vyao vya biashara hesabu yao haikuwa ya kijinga. Ngano iliyolala bandarini Krete hailishi mtu Roma, wala hailipi.

Kisha upepo ukashuka kutoka kisiwani. Angalieni mpangilio wa Luka, maana ameuandika kama mtu aliyekuwepo. Siku ya pili wanaanza kutosa shehena. Siku ya tatu wanatupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Siku nyingi zinapita bila jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanajaribu kutoroka na mashua kwa kisingizio cha kushusha nanga za omo, na askari wanakata kamba. Karibu na alfajiri watu wanakula, ndipo Luka anaiweka hesabu: watu 276. Mstari unaofuata mara moja unasema wakaipunguza merikebu uzito kwa kuitupa ngano baharini.

Watu wamehesabiwa kwanza, kisha ngano imetoswa. Ngano ya Kaisari! Ile iliyofanya safari yote iwepo, ile iliyomshinda Paulo kwenye kikao cha Bandari Nzuri.

Hata hivyo hatari haikuishia hapo. Merikebu ilipokwama na tezi kuanza kuvunjika, askari walishauriana wawaue wafungwa wasije wakaogelea na kukimbia. Askari aliyepotelewa na mfungwa aliweza kulipa kwa uhai wake. Herode aliwaua walinzi wa Petro kwa sababu hiyo hiyo (Matendo 12:19). Kwa hiyo hao nao walipiga hesabu, na katika hesabu yao wafungwa walikuwa mzigo wa mwisho uliobaki kutupwa. Yulio akakataa. Luka hamfanyi mtakatifu; anasema tu alitaka kumponya Paulo. Lakini kwa ajili ya mmoja wote wakafika nchi kavu, wengine juu ya mbao.

Mabaharia wa Yona walifanya hivyo hivyo karne nyingi kabla yake, nao walikuwa wapagani, kila mtu akimlilia mungu wake. Kwanza walitupa shehena. Walipoambiwa wazi na Yona mwenyewe wamtupe, hawakukimbilia kumkamata. Walivuta makasia kwa nguvu wairudishe merikebu pwani (Yona 1:13), na waliposhindwa kabisa ndipo wakaomba wasihesabiwe damu isiyo na hatia. Aibu ya kitabu kile ni kwamba mabaharia hao waliuhurumia uhai wa nabii kuliko nabii alivyouhurumia uhai wa Ninawi.

Dunia ya bahari ilikuwa na sheria juu ya jambo hili. Iliitwa sheria ya Rodo, kisiwa ambacho Paulo mwenyewe alipita (Matendo 21:1), na imehifadhiwa katika mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotolewa na Kaisari Justiniani mwaka 533. Mwanasheria anayenukuliwa pale anaitwa Paulo pia, ingawa si mtume wetu. Sheria inasema bidhaa zikitupwa ili kuiokoa merikebu, hasara hiyo iliyotolewa kwa ajili ya wote ilipwe kwa mchango wa wote. Mwenye mzigo uliopona hana haki ya kushangilia kimya kimya huku jirani yake amefilisika. Na inaongeza neno moja: uhai wa mtu huru hauwekewi thamani katika mahesabu hayo. Kanuni hiyo ya kuchangia haijafa. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez Machi 2021, mwenye meli alitangaza kuitumia kanuni hiyo, na wenye makontena wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mizigo yao.

Lakini ilisema mtu huru. Ufa ulikuwa hapo tangu mwanzo.

Mwishoni mwa mwaka 1781 meli iliyoitwa Zong, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, ilikuwa ikielekea Jamaika na Waafrika zaidi ya 400 waliofungwa chini ya sitaha. Safari ilichelewa, maradhi yakaenea. Mabaharia waliwatosa baharini watu wapatao 130, wakiwa hai, kwa makundi, kwa siku kadhaa. Sababu waliyoitoa ni kwamba maji ya kunywa yalikuwa yakipungua. Kila mtu alikuwa amekatiwa bima ya pauni 30, na wenye meli wakadai walipwe. Mwaka 1783 baraza la wazee wa mahakama, London, liliwapa haki wenye meli. Kampuni ya bima ilipokata rufaa, Jaji Mkuu Mansfield alieleza kwamba jambo hilo lilichukuliwa sawa na kama farasi ndio waliotoswa. Katika rufaa hiyo ukaibuka ushahidi kwamba mvua ilinyesha, na hata baada ya mvua watu wengine wakatupwa. Mansfield aliagiza kesi isikilizwe upya. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, ndiye aliyempelekea habari hizo Granville Sharp, Mwingereza aliyepinga utumwa, na Sharp akajitahidi wahusika washtakiwe kwa mauaji. Hakushtakiwa hata mmoja.

Iwekeni habari hii kando ya Matendo 27. Bahari ni ileile, hofu ni ileile, hesabu ya shehena ni ileile. Ila kilichotupwa kimegeuka.

Ingekuwa rahisi kwangu kusema hao hawakumjua Mungu. Siwezi. John Newton alimlilia Mungu katika dhoruba ya mwaka 1748, akaokoka, nasi makanisani tunaimba wimbo wake wa neema hadi leo. Baada ya dhoruba hiyo akawa nahodha wa meli za watumwa, akiendesha ibada kwa mabaharia wake, mpaka alipoacha kazi ya bahari mwaka 1754. Andiko lake la kuikiri na kuilaani biashara ile lilitoka mwaka 1788, miaka 40 baada ya dhoruba. Zaburi 107 inasema washukao baharini katika merikebu huziona kazi za Bwana na maajabu yake vilindini. Newton aliyaona. Kuliona ajabu la kuokolewa hakukumfanya awaone upesi watu waliokuwa chini ya miguu yake.

Wala tusinyoshee Atlantiki kidole peke yake. Kaskazi na kusi, pepo alizoziumba Bwana, zilisukuma majahazi yenye dhahabu, pembe, viungo na nguo katika Bahari ya Hindi, na majahazi hayo yalibeba watumwa pia. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, na kanisa kuu la Kristo pale Mkunazini likajengwa juu ya uwanja wake.

Nisieleweke kwamba bahari ni adui. Maji hayo hayo yalileta alfabeti ya Wafoinike kwa Wayunani, na kwa herufi zilizotokana nayo Agano Jipya likaandikwa. Fibi, ambaye Paulo anamtambulisha kwa kanisa la Roma, alitoka Kenkrea, bandari ya Korintho (Warumi 16:1). Injili ilipanda vyombo vilivyojengwa kwa ajili ya faida, ikakaa kati ya magunia na wafungwa.

Nasi bado tumo chomboni. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya kimataifa, kwa ujazo, husafiri kwa bahari hata sasa. Simu unayosomea maneno haya ina uwezekano mkubwa kwamba yenyewe au sehemu zake zimepita kwenye kontena. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, bandari nyingi zikiwakataza kushuka, huku mizigo ikishushwa kama kawaida. Hakuna aliyetoswa. Lakini mzigo ulipata njia ya kwenda nyumbani kabla ya mtu.

Kwa wiki hii, pamoja na Matendo 27, someni Ezekieli 27 kwa sauti. Ni maombolezo juu ya Tiro, mji wa kisiwani uliotajirika kwa rangi ya zambarau na merikebu, na ni moja ya orodha ndefu za biashara katika Maandiko yote. Mkifika mstari wa 13, simameni: kati ya bidhaa zinazoletwa sokoni wametajwa wanadamu, na mara baada yao vyombo vya shaba. Kisha nendeni Ufunuo 18, nako tena ni mstari wa 13. Orodha imeanza na dhahabu katika mstari wa 12, ikashuka hadi ng'ombe, kondoo, farasi na magari, na mwisho kabisa "miili na roho za wanadamu."

Wanaolia katika sura hiyo ni makundi matatu: wafalme, wafanyabiashara, na manahodha pamoja na mabaharia wao. Mstari wa 11 unataja kinachowaliza wafanyabiashara: hapana mtu anunuaye bidhaa yao tena. Nimeisoma sura yote nikitafuta kati ya makundi hayo walau mmoja anayeililia ile sehemu ya mwisho ya orodha. Hayumo.