Kanzu ya Samweli

Wapendwa katika Bwana,

Malipo ya korosho yakishaingia na Januari ikikaribia, vibaraza vya mafundi cherehani hapa Masasi hujaa wazazi waliokuja kushonesha sare za shule. Juzi nilimsikia mama mmoja akimwambia fundi, "Ongeza mikono na pindo, aivae mpaka darasa la tatu," huku mtoto akiwa amenyoosha mikono, futi ikimpita kifuani. Simlaumu hata kidogo, kwa maana fedha ya korosho ina mambo mengi. Ila nilirudi nyumbani nikimwaza Hana, mama yake Samweli.

Hana alikwisha kumtoa mwanawe amtumikie Mungu kule Shilo, mbele ya kuhani Eli, lakini mwaka hata mwaka alimfanyia kanzu ndogo na kumpelekea (1 Samweli 2:19). Kila mwaka kanzu mpya, kwa kuwa kila mwaka mtoto alikuwa mwingine.

Sisi walimu wa shule ya Jumapili hukata kanzu moja ya kiroho na kuwavika wote. Darasani kwangu yumo mtoto wa miaka saba ambaye hakuwahi kukariri mstari hata mmoja, na siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu hiyo. Tulipotoka, wenzake wakikimbilia mabibo chini ya mkorosho, alinifuata akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Mungu anamsikia mtu aliyenyamaza?" Nilimjibu kwamba anamsikia, kisha nikashindwa kumtazama usoni.

Eli naye, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alimrudisha Samweli kulala mara mbili kabla ya kutambua kwamba ni Bwana anayemwita mtoto. Alipotambua, hakwenda kusikiliza kwa niaba yake. Alimfundisha maneno ya kuitikia, akamwacha arudi peke yake mahali pake. Kulipokucha alimwomba asimfiche neno lolote, naye mzee akalipokea kutoka kinywani mwa mtoto, ingawa lilikuwa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe. Napenda kukaa hapo: kuhani mzima anamwuliza mwanafunzi wake alichosikia.

Jumapili hii, kabla ya kukariri, tutakaa kimya kwa muda, na atakayependa atatueleza alichomwambia Mungu. Yule mtoto sitamsimamisha. Nitakaa karibu naye.